Nilicheza kwa Jina Lako

Mpendwa Yaya Riziki,

Jina lako nimeliandika mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Nimeliandika kwenye madaftari ya shule, kwenye fomu za wakimbizi, kwenye mkataba wa chumba, kwenye kadi ya kliniki. Kila mara nilikuwa najiandika mimi. Leo, baada ya miaka kumi na sita, ndiyo mara ya kwanza ninaliandika nikikuita wewe.

Barua hii naiacha wazi kwa makusudi. Hapa Kampala wapo watu wengi wanaoniita Riziki: wanafunzi wa chuo wanaoniletea kazi zao nizichape pale dukani Wandegeya, wanakwaya wenzangu, wasichana ninaowafundisha mpira kila Jumamosi. Nao waisome, wajue wamekuwa wakimwita nani. Lakini mazungumzo ni yetu, mimi na wewe, yaya wangu. Ndivyo tulivyowaita dada wakubwa kule kwetu Kivu, na sijawahi kupata mtu mwingine wa kumwita hivyo.

Nianzie Katwe. Ilikuwa miezi michache tu tangu tuvuke mpaka na mama, baba tumemwacha kaburini, na sisi watatu tulikaa chumba kimoja nyuma ya wachomelea vyuma. Mama alitoka asubuhi kwenda Kikuubo, akachukua vitenge kwa wenye maduka, akavizungusha begani hadi Nakasero kwa wake za wakubwa. Kazi yetu sisi ilikuwa maji. Siku moja tulipita kando ya kiwanja na majerikeni yetu, mpira ukatoka nje ukaja hadi miguuni pako. Hukuliweka jerikeni chini. Ulilishika vilevile, ukaupiga ule mpira kwa mguu wa kushoto, pekupeku, ukapaa ukaenda kumwangukia kocha kifuani.

Kocha Ssalongo alikuwa polisi mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Wewe mtoto ya Congo," alisema, "piga tena hiyo."

Ukapiga tena.

"Kesho saa kumi, kuja hapa."

Ulimtazama usoni, ukamwambia, "Bila mdogo wangu siji."

"Mdogo anajua mpira?"

"Hajui. Atajua."

Ndivyo nilivyoingia kwenye timu. Hakuna aliyenichagua. Nilikuja na wewe kama kamba inavyokuja na ndoo.

Na aliyenifundisha ni wewe, si kocha. Kwenye uchochoro wa nyumba yetu, mpira wa matambara, wewe unanijia na mimi nimesimama. Nilikuwa nakodolea mpira macho, unanipita kila mara. Ukanishika mabega ukasema, "Usiangalie mpira, Aline. Angalia kiuno cha mtu. Mpira unadanganya, kiuno hakidanganyi." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wewe kumi na mitatu. Ulinizidi mwaka mmoja na vidole viwili vya urefu, basi. Watu walituchanganya sokoni. Ulikuwa unapenda hilo. Ukiitwa kwa jina langu unaitika, halafu unacheka.

Mwaka uliofuata ukaja ule mwaliko. Wafadhili wa timu walitaka kutupeleka kwenye mashindano ya vijana yanayofanyika kila mwaka kaskazini mwa Ulaya, watoto wa nchi nyingi, viwanja vingi, wiki nzima ya mpira. Kocha alituambia tukiwa tumekaa chini. Halafu Nakato, yule msichana wa Kiganda aliyecheza mbele, akaanza kulia, na sisi wote tukamfuata. Wachezaji kumi na sita. Wewe ulikuwa kapteni. Mimi sikuwemo, na haikuniuma, kwa sababu mimi nilijua mpira wangu ulivyo.

Kitabu chako cha kusafiria cha mkimbizi kilichukua miezi. Siku ya kwenda ubalozini Nakasero kuomba viza ulivaa viatu vya mama vya kanisani, ukavijaza karatasi mbele. Mlinzi wa getini akakuuliza unakwenda kufanya nini Ulaya, ukamwambia, "Nakwenda kucheza, halafu narudi." Mama alilisimulia jibu hilo kwa wiki nzima. Nadhani lilimfanya ajivunie, na pia lilimwuma kidogo, maana wapo majirani waliokuwa wakimwambia kwamba mtoto akifika kule asirudi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ulianza kusimama katikati ya mazoezi ukijifanya unafunga kamba za viatu. Kocha hakuona. Mimi niliona, kwa sababu kamba zilikuwa zimefungwa. Ulikuwa unainama pale, mdomo wazi, mgongo unapanda na kushuka. Jioni moja tukirudi, ulikaa njiani mara tatu. Nilipotaka kusema, ulinishika mkono kwa nguvu.

"Ukimwambia mama, sitaenda."

"Lakini unaumwa."

"Nitaumwa nikirudi."

Nikanyamaza. Nilinyamaza mwezi mzima, yaya. Nimejitetea sana kwa hilo, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba wewe ndiye uliyenikataza. Yote ni kweli, wala hayanisaidii.

Ulianguka siku ya Jumatano, kwenye mechi ya kirafiki, hakuna mtu aliyekugusa. Daktari alikuwa mpole. Alimchorea mama moyo kwenye karatasi. Alisema moyo una milango, na milango miwili ya kwako ilikuwa haifungi sawasawa tena. Ugonjwa ulianzia kooni, zamani, homa ambayo haikutibiwa. Mama akakumbuka ile homa uliyougua tukiwa njiani, tunalala kwenye hema, ulipokuwa huwezi kumeza hata uji. Daktari akasema upasuaji upo ila foleni ni ndefu. Asikimbie. Asibebe maji. Ndege asipande.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya safari.

Kocha Ssalongo alikuja nyumbani, akakaa juu ya jerikeni tupu maana hatukuwa na kiti kingine. Alisema majina yalishapelekwa, tiketi zilishakatwa, na wakubwa walimwambia hakuna kubadilisha. "Na iko ingine," akasema, akiangalia sakafu. "Watoto wataenda, wafadhili watalipia shule mpaka sekondari inaisha. Hawa kumi na sita tu." Kisha akanitazama mimi. Mama naye akanitazama. Hapakuwa na haja ya mtu kulisema.

"Wanafanana," akasema kocha.

"Hakuna namna," akasema mama. "Hakuna namna ingine."

Wewe ulikuwa umelala pale pale kwenye godoro, hatua mbili kutoka kwao. Hakuna aliyekuuliza. Wala mimi sikuulizwa, lakini ningeulizwa ningesema ndiyo. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu. Watu wanaojua habari hii, wachache, hunihurumia: mtoto wa miaka kumi na mitatu, aliamriwa na wakubwa. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso ili msione furaha yangu. Nilitaka kupanda ndege. Nilitaka viatu vyako vipya vya mpira. Usiku huo nilivijaribu mlipolala, vikanitosha.

Kwenye picha ya kitabu ulikuwa umenyoa kichwa, kama wanavyonyoa wanafunzi wa hapa. Mimi nilikuwa na misuko ya likizo. Asubuhi ya kuamkia safari mama alifumua misuko, akanikalisha mlangoni, akashika wembe. Akauweka wembe kichwani, akauondoa, akauweka tena. Ukanyanyuka kwenye godoro ukaja polepole, umeshika ukuta, ukamnyang'anya wembe. Ulininyoa wewe. Ulininyoa vizuri, bila haraka, ukinigeuza kichwa kwa vidole viwili, na pumzi yako ilikuwa inakwama juu ya sikio langu. Ulipomaliza ulisema, "Wakikuuliza jina, usisite. Ukisita watajua." Nikasema sawa. Ndipo ukasema lile jingine, kwa sauti ya chini ili mama asisikie.

"Na ukirudi, usiniambie kulikuwaje."

Sikukulaumu wakati ule, wala leo sikulaumu.

Gari lilipokuja ulikuwa umekaa kizingitini, miguu imevimba, umeitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Nilidhani hutaniaga. Nilikuwa nimeshafika barabarani uliposema kwa sauti, "Usikae nyuma sana! Mpira ukija, toka uukute!" Watu wa gari wakacheka. Nilipunga mkono. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwako.

Pale Entebbe, afisa alifungua kitabu, akatazama picha, akanitazama. "Unaitwa nani?" Riziki, nikasema. "Umezaliwa mwaka gani?" Nikataja mwaka wako. Akagonga muhuri. Nakato, ambaye sasa alikuwa kapteni badala yako, alinishika mkono hadi ndani ya ndege, hakuuachia hata tulipopaa.

Ulinikataza nisikusimulie. Nimekutii kwa muda mrefu. Leo nitakusimulia kidogo tu, kwa sababu bila hiki kinachofuata hutaelewa.

Tulilala shuleni, kwenye darasa, magodoro yamepangwa sakafuni. Viwanja vilikuwa majani matupu, laini, ukianguka huumii. Siku ya ufunguzi timu zote zilipita barabarani na bendera zao, nasi tukapita na bendera ya Uganda, watu wakitupigia makofi. Mechi ya kwanza nilikaa benchi. Ya pili nilikaa benchi. Siku ya Jumanne beki wetu wa kushoto aliteguka mguu, kocha akaniita.

Tulicheza na wasichana weupe, warefu, na yule wa upande wangu alikuwa na mbio za ajabu. Mara mbili alinipita. Mara ya tatu nikakumbuka, nikaacha kuangalia mpira nikaangalia kiuno chake. Alijifanya anaenda nje, kiuno kikaenda ndani. Nikatoka, nikaukuta. Niliunyakua miguuni pake, nikaupeleka mbele kwa Nakato, Nakato akafunga. Goli moja tu, ndilo lililotupa ushindi. Wenzangu walinirukia, wakaninyanyua juu, wote wakiimba lile jina kocha alilowaagiza waniite, "Riziki! Riziki!" Hata wageni waliokaa pembeni wakashika wimbo, wakilitamka jina lako vibaya vibaya. Mimi nilikuwa juu ya mabega ya watu, nacheka. Kisha wafadhili wakatupeleka kula aiskrimu. Nakato alikuwa hajawahi kuila. Akaing'ata kwa meno ya mbele akapiga kelele, nasi tukacheka mpaka nikashika tumbo. Sijawahi kucheka namna ile tena.

Baadaye nilizipiga hesabu zile saa. Ulikata roho Jumanne hiyo alasiri.

Kocha alipigiwa simu na mkewe siku hiyo hiyo. Hakuniambia. Jumatano alikaa nyuma ya goli, ameupa uwanja mgongo, nasi tukadhani ametukasirikia. Alhamisi tukafungwa tukatolewa. Siku zilizobaki tulizungushwa mjini tukapigwa picha. Zipo picha zangu za siku hizo, nimevaa jezi yako, natabasamu, na wewe uko ardhini tayari.

Tuliporudi, mama hakuwepo uwanja wa ndege. Gari la timu likamshusha kila mmoja kwao. Nikaona tunaipita njia ya Katwe. Nikauliza. Kocha akasema, "Mama amehama. Anakaa Wandegeya." Alisubiri wenzangu wote washuke, akaja akakaa kiti cha pembeni yangu.

"Mwanangu," akasema, "dada yako alienda. Siku ya Jumanne."

"Alienda wapi?"

Alivua kofia. "Alikufa, mwanangu."

Sikulia. Nilimwangalia tu, maana niliona hajamaliza.

"Na amezikwa kwa jina yako."

Mama ndiye aliyenieleza, kwa vipande vipande, akiwa amekaa kwenye chumba kipya ambacho sikukijua, godoro moja limetoweka. Ulizidiwa siku mbili baada ya mimi kuondoka. Hakukupeleka kwa yule daktari wa kwanza, kwa sababu pale uliandikwa Riziki, na Riziki alikuwa ameshagongewa muhuri Entebbe, yuko Ulaya anacheza mpira. Aliogopa. Aliona watanikamata mimi kule, watamkamata kocha, timu nzima itafukuzwa. Akakupeleka hospitali nyingine. Muuguzi alipouliza jina la mgonjwa, mama akasema Aline. Majirani wa Katwe aliwaambia anahamia karibu na hospitali, kwa sababu wao walitujua, na mdomo wa jirani hauna mlango.

Kwa hiyo ulikufa ukiwa mimi. Wakakuzika kwenye makaburi ya umma nje ya mji: mama, mke wa kocha, wanawake wawili waliouguza watoto wao kwenye wodi ile ile, na mchungaji ambaye hakukujua. Mama hakuweza hata kukulilia kwa jina lako. Mbele ya wale watu alilia, "Aline, mutoto wangu, Aline." Mke wa kocha aliniambia hilo miaka mingi baadaye, akasema hajawahi kusikia kilio kibaya kama kile. Matanga hayakuwekwa. Matanga huleta watu, na watu wangekuja na jina lako.

Mwezi ulipopita tulikwenda kaburini. Palikuwa na msalaba wa mbao, umeandikwa kwa rangi nyeusi: ALINE. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa wangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama mbele ya kaburi langu, mama ananivuta mkono akisema twende, twende, watu wanatuona.

Wafadhili walitimiza ahadi. Walinilipia shule mpaka nikamaliza, na kila ripoti iliandikwa jina lako. Nilisoma kwa bidii isiyo ya kawaida. Walimu walidhani nina hamu ya kufika mbali. Mimi niliona alama mbaya zitakuwa zako. Mama, tukiwa wawili, hakuniita jina lolote. Aliniita "wewe". "Wewe, chakula." "Wewe, amka." Miaka kumi na sita. Nilijifunza kutouliza.

Mwaka huu tukaitwa kwa ajili ya kuhamishiwa nchi ya tatu, kule wakimbizi wanakopewa makazi ya kudumu. Unajua mama alivyoisubiri simu hiyo. Tulihojiwa kila mtu peke yake. Aliyenihoji alikuwa mama wa kizungu, na mkalimani alikuwa Mkongomani wa makamo. Niliulizwa ya kawaida, nikajibu ya kawaida. Ndugu? Mmoja, Aline, amefariki. Nilishalisema hilo mara ishirini katika ofisi mbalimbali, ulimi umelizoea.

Yule mama akaweka kalamu chini. Akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Anasema," akatafsiri mkalimani, "huyo dada yako aliyefariki, alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikafungua mdomo. Nikasema alipiga mpira kwa mguu wa kushoto. Nikasema alikuwa akiitwa kwa jina langu sokoni, anaitika. Nikasema hakukubali kwenda mahali bila mimi. Sikujua kama ninalia. Nikasema, "Riziki hakuwa mtu wa kuogopa."

Mkalimani hakutafsiri. "Dada," akaniambia taratibu, "Riziki ni wewe."

"Hapana," nikasema. "Mimi ni Aline."

Nikawaeleza yote, kuanzia wembe hadi msalaba. Yule mama aliandika kurasa nne. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ninafahamu, bila shaka, kwamba jambo hili litaathiri faili letu. Nikasema ninafahamu.

Nilipomwambia mama, aliketi kitandani, mikono mapajani. "Umetufungia mlango," akasema. Wiki nzima hakuzungumza nami. Alitoka na vitenge vyake asubuhi, akarudi, akapika, akaniwekea sahani, akanipa mgongo. Jumapili nikarudi kutoka kanisani nikamkuta amekaa hajavua viatu.

"Iko kitu sikukuambia," akasema. "Kule hospitali. Siku ya mwisho, daktari alitaka kujua kama akili yake iko sawa. Akamwinamia, akamuuliza, unaitwa nani?"

Akavua kiatu kimoja, akakipakata.

"Sikuwa nimemwambia kitu. Sikumfundisha. Alikuwa ananiangalia mimi. Pumzi haitoshi, midomo ya buluu. Akasema, Aline."

Yaya, nimeishi miaka yote nikiamini ulikufa umenikasirikia. Labda ulikasirika kweli. Ulikuwa na haki. Lakini hata pumzi ilipokuwa haikutoshi kuishi, uliitoa moja kunilinda mimi niliyekuwa nacheza na viatu vyako. Sijui nilibebe vipi hili. Lawama nilikuwa nimeshazoea kuzibeba. Hili ni zito zaidi.

Jibu la ofisi lilikuja baada ya miezi miwili. Faili letu limesimamishwa. Huenda tukaitwa tena, huenda tusiitwe. Vyeti vyangu vya shule navyo sijui vitakuwa vya nani. Mama aliisikiliza barua hadi mwisho, akaikunja, akasema, "Basi tuweke matanga yake."

Tuliyaweka Jumamosi iliyopita, hapa nyuma ya nyumba, Wandegeya. Tulitandika mikeka chini ya turubai. Sikudhani watu watakuja kwa kifo cha miaka kumi na sita. Walikuja. Majirani wa Katwe walikuja, wengine wamezeeka, wanauliza kwa nini tuliwaficha, halafu hawasubiri jibu, wanakaa. Nakato alikuja na mtoto mgongoni. Wasichana sita wa timu yetu ya zamani. Kocha Ssalongo alikuja na fimbo. Alipoinama kwa mama kumpa pole alishindwa kuinuka, ikabidi tumshike. Alikuwa anarudia neno moja tu: "Ni mimi. Ni mimi." Mama akamwambia, "Ni sisi sote, Ssalongo. Kaa."

Mchungaji wetu aliposimama kuomba, akamgeukia mama amtajie jina la marehemu. Mama akanyanyuka. Nilikuwa upande wa pili, nimeshika birika la chai, namimina kikombe cha mzee mmoja. Mama akaweka mikono kichwani, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia ndani yake.

"Riziki! Riziki wangu! Mutoto wangu, Riziki!"

Wanawake wote wakaitikia kwa kilio. Nami, yaya, nilikuwa nimeshaweka birika chini, mguu umeshapiga hatua, na neno "Bee, mama" limefika mdomoni. Nikalimeza. Nikasimama pale pale, mikono mitupu, nikamwacha amwite mtoto wake.

Pumzika sasa, yaya wangu. Wamekulilia kwa jina lako.

Mimi ni mdogo wako,
Aline